Hata Ufukweni Hupigwa Hodi

Ndugu msomaji, jirani yangu hapa Msasani ana Land Rover. Usije ukadhani kwamba ninazungumza habari za tajiri. Yeye ni fundi wa mitambo kiwandani, na gari lenyewe ni mali ya watu watatu, wote wafanyakazi wa zamu moja, waliokopa katika chama chao cha kuweka na kukopa wakalinunua mnadani likiwa limekaa juu ya mawe bila tairi hata moja. Ni lile la aina ya 109, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa gari la kila kazi katika nchi hii: lilipeleka chanjo vijijini, lilimbeba bwana shamba, lilibeba mahindi, na mara nyingine lilirudisha maiti kwao. Watoto wa mtaa wetu wamelibandika jina la Bibi, kwa kuwa kila linapowashwa asubuhi hukohoa kwanza kabla ya kunena.

Kumfufua Bibi kulichukua mwaka mzima na zaidi. Kila Jumapili mabwana hao watatu walikuwa chini ya gari, na miguu yao tu ndiyo iliyoonekana. Mke wa jirani yangu, ambaye ndiye ajuaye kila shilingi ya nyumba ile inaingilia wapi na kutokea wapi, alivumilia bila kelele. Siku Bibi alipotembea kwa mara ya kwanza hadi mwisho wa mtaa na kurudi, mama huyo alimwambia mumewe neno moja tu: "Baba watoto, gari hili limekula Jumapili zetu za mwaka mzima. Sasa lianze kuturudishia."

Dai hilo lilikuwa la haki, na wala halikuwa gumu kukubaliwa. Ugumu ulikuwa katika swali lililofuata: Bibi aende wapi?

Wasomaji wetu wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba katika miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei duniani na fedha za kigeni zikawa haba, ilifika wakati magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana. Aliyekwenda kumwamkia mjomba wake Temeke alikula chakula huku akitazama saa ya ukutani. Leo amri hiyo haipo. Mwenye gari na mafuta ana Jumapili nzima mkononi mwake. Lakini gari kama Bibi si gari la kwenda kununulia mkate. Lina gia ya pili iitwayo na mafundi gia nzito, ambayo hulifanya litambae polepole kuliko mtu aendaye kwa miguu huku injini ikitoa nguvu zake zote, na magurudumu yake yote manne yanaweza kusukuma kwa pamoja. Kulipitisha katika lami tu ni sawa na kumfuga mbwa wa kuwinda halafu ukamfungia jikoni. Mwenyewe hutamani kuliona likipanda kilima na kuvuka tope, na watoto nyuma wakipiga kelele za furaha. Ni starehe halali, nami sioni sababu ya mfanyakazi kuionea haya.

"HUKO HAKUNA MTU"

Tuliketi barazani tukaihesabu Dar es Salaam yote. Hapa Msasani kwenyewe hakuna nafasi. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi tangu zamani, na makaburi yake ya kale yanashuhudia hivyo. Lipo hata eneo liitwalo Bonde la Mpunga, na jina lenyewe linaeleza kulikuwa na nini. Lakini tope la mpunga limekwisha kufunikwa na nyumba na maduka. Tukaenda kaskazini kwa mawazo, tukafika kwenye machimbo ya mawe ya Kunduchi. Huko kuna akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo ili watoto wao wale, na mashimo yaliyojaa maji. Si mahali pa mchezo. Mito ya Mbezi na Tegeta nayo imechimbwa mchanga mpaka kingo zinamomonyoka, na mvua ikinyesha kule juu maji hushuka kwa ghafla. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi. Kila tulipopataja palikuwa na sababu ya kutokwenda.

Ndipo mimi, kwa bahati mbaya, nilipofungua mdomo. Kazi ya gazeti iliwahi kunipeleka pwani ya kusini, ng'ambo ya Kigamboni, nikaona ufukwe mpana unaokwenda mpaka macho yanachoka. Nikawaambia: "Twendeni kusini, kule mbele zaidi. Huko hakuna mtu."

Ninaomba msomaji ayakumbuke maneno hayo matatu, kwa kuwa yote yaliyotupata yalitokana nayo.

Tuliondoka Jumapili moja asubuhi, watu wazima watano na watoto sita, sufuria ya pilau ikiwa imefungwa kanga. Tulipita Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 juu ya bahari, watoto wakihesabu mashua. Tukavuka kwa pantoni Magogoni. Kisha lami ikaisha, nyumba zikapungua, na minazi ikaongezeka. Kama saa tano hivi tuliteremka ufukweni. Bahari ilikuwa imekupwa mbali sana, na mchanga wenye unyevu ulikuwa mgumu kama uwanja wa mpira. Bibi alikimbia. Jirani yangu alikuwa akicheka peke yake nyuma ya usukani, na mkewe, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kwa sauti, alishika ubao wa dirisha akacheka naye. Kwa saa moja na nusu hatukuwa na deni wala zamu.

MAJI YALIPOGEUKA

Mtoto wa pwani hapaswi kusahau bahari, nasi sote tulikuwa watoto wa pwani. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, yaani zilikuwa siku za bamvua. Katika bamvua bahari hukupwa mbali kuliko kawaida, na hujaa juu kuliko kawaida. Na kutoka kukupwa mpaka kujaa ni muda wa saa sita tu. Ufukwe ule mpana uliotufurahisha ulikuwa sakafu ya bahari iliyoachwa wazi kwa kitambo.

Tulipogeuza gari ili turudi, tukakuta tulipopita pameanza kulowa. Jirani yangu akapandisha Bibi juu, kwenye mchanga mkavu chini ya minazi. Hapo ndipo magurudumu ya nyuma yalipozama. Akaongeza mafuta, yakazama zaidi. Akaongeza tena, gari likakaa kwa tumbo. Wakati huohuo tulisikia kitu kikijisokota chini na kukatika. Nilishuka nikachungulia. Kwenye ekseli ya nyuma ulikuwa umejizungusha wavu wa kuvulia samaki, na vipande vyake vingine vilikuwa vimeachwa njiani kama nguo iliyoraruliwa na mbwa.

Walikuwapo watu. Walitoka chini ya minazi mmoja mmoja, wavuvi waliokuwa wamepumzika baada ya kazi ya usiku, na mbele yao mzee mmoja mwenye kofia ya kiua. Wake kwa watoto wetu walimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba," akatazama gari, akatazama wavu, akatazama bahari. Wakati ule hakusema lolote juu ya wavu. Alisema, "Teremsheni watoto kwanza. Maji hayatawangoja."

Kisha akatufundisha mambo ambayo sisi mafundi na waandishi hatukuyajua. Aliagiza matairi yapunguzwe upepo. Sasa ninajua sababu: tairi lililojaa hukata mchanga kama kisu, lakini likipunguzwa upepo, tuseme kutoka 32 mpaka 18 au hata 15, hutandaa kama wayo wa ngamia na kulibeba gari juu. Vijana wakafukua mchanga mbele ya magurudumu kwa mikono na kwa vifuniko vya sufuria zetu, wakatandika makuti. Wakaleta kamba ya mashua. Mzee akamwonya jirani yangu asikanyage mafuta kwa hasira, bali aingize gia nzito na amwache Bibi atambae. Watu kumi na wawili wakavuta kwa wimbo ule wa kuvutia mashua. Bibi akakohoa, akapanda. Baada ya robo saa mawimbi yalikuwa yanapiga kwenye mashimo tuliyoyaacha.

MCHANGA UNA WENYEWE

Baada ya kunawa, mzee alituketisha. Jirani yangu alianza kuomba radhi kwa maneno mengi, akasema kwamba sisi tulidhani pale hapana mtu. Mzee akamsikiliza hata mwisho, kisha akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona hamkupiga hodi?"

Hatukuwa na jibu. Sote tulilelewa kupiga hodi hata kwenye kibanda cha makuti kisicho na mlango. Pale tuliingia kwa kishindo cha injini kwa sababu tu hatukuona ukuta.

Mzee akasimama akatutembeza juu ya nyayo za magurudumu yetu wenyewe. Hapa ndipo nyavu huanikwa kila asubuhi. Pale kwenye mwamba, maji yakikupwa, ndipo akina mama huokota chaza na kutafuta pweza, na sisi tulipita juu yake tukivunja. Mbele kidogo aliturudisha nyuma kwa mkono. Vilikuwapo vijiti vinne vimechomekwa mchangani. Ilikuwa kiota cha kasa, na alama ya matairi yetu ilipita hatua mbili kutoka hapo.

Wengi wetu wa mjini humjua kasa kwa picha tu. Pwani hii, tangu Kigamboni na kuendelea kusini, ni mojawapo ya mahali ambapo kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Jike huchimba shimo, hutaga mayai yanayoweza kuzidi mia moja, hufukia, kisha hurudi baharini. Mayai hukaa mchangani muda upatao miezi miwili. Gari lenye uzito unaozidi tani moja na nusu likipita juu, mchanga hushindiliwa, na vitoto vikiangua hushindwa kutoka. Hata vikitoka, mifereji ya magurudumu huwa kwao ni mabonde: mtoto wa kasa asiyetimia urefu wa kidole hutumbukia humo, akazunguka usiku kucha badala ya kufika majini, mpaka kaa au kunguru wanapomkuta. Mzee alitwambia kwamba zamani walikula mayai hayo, na sasa vijana wake ndio wanaoyalinda. Kulinda kiota miezi miwili ili kije kukanyagwa na watu wa Msasani wenye pilau ni jambo chungu, na uchungu huo aliusema bila kupandisha sauti.

Suala la wavu lilimalizwa palepale. Mzee hakudai zaidi ya thamani yake. Mabwana watatu walishauriana pembeni, wakatoa fedha waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya matairi mapya ya Bibi, na mimi niliyewaongoza nikatoa yangu. Hata hivyo fedha haikurudisha usiku ambazo mashua ile haikwenda baharini kwa kukosa wavu. Njiani mke wa jirani yangu alizungumza mara moja tu. "Wavu ule," alisema, "ndio kiwanda chao." Hakuna aliyemjibu mpaka tulipofika kivukoni.

TWENDE WAPI, BASI?

Niliporudi ofisini nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo barazani. Nikaulizia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kandokando ya bahari, maziwa na mito, na ndani yake inakataza shughuli za kudumu na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuyadhuru mazingira hayo. Katika hifadhi za taifa, gari halina ruhusa ya kuacha njia iliyowekwa. Na huko vijijini, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo ile inayoitwa pori la bure haipo. Liko pori la mtu, la kijiji, la hifadhi au la serikali, na kila moja lina mlango wake wa kubishia.

Majirani zetu wa Kenya wameonyesha kwamba jambo hili laweza kufanyika kwa utaratibu. Tangu mwaka 1989 hufanyika huko, mara moja kwa mwaka, mashindano ya magari ya namna hii yaitwayo Rhino Charge. Mshindi hapatikani kwa mbio. Washindani hupewa vituo na muda wa saa kumi kuvifikia, na hushinda yule aliyevifikia kwa mwendo mfupi kuliko wenzake, kwa kukata mabonde na majabali. Mahali pa mashindano hufichwa mpaka siku zinapokaribia, kisha pakaachwa papumzike. Fedha inayochangwa ilisaidia kujenga uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400 kuuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009, unaowazuia tembo wasiingie katika mashamba ya wakulima na watu wasiuvamie msitu. Sisi wa Bibi hatuna uwezo wa wale, lakini mambo matatu tunaweza kuyaiga bila gharama: kuomba, kutorudia mahali pamoja mpaka pakaharibika, na kuacha nyuma kitu chema kuliko mifereji.

SHIMO LA KIFUSI

Yaliyofuata yaliletwa na mzee yuleyule. Jirani yangu alirudi kwake baada ya mwezi, safari hii kwa basi na kwa miguu, kumjulia hali na kuuona wavu mpya. Wakati wa kuagana mzee akamwambia kwamba ana mpwa wake katika kijiji kimoja cha Mkuranga, ambako wajenzi wa barabara walichimba kifusi zamani wakaacha shimo pana lenye miteremko. Hapalimwi, hapajengwi, wala hapana maji. "Nendeni mkaulize," alisema. "Mkikataliwa mrudi."

Walikwenda watatu, siku ya kazi, wakiwa wameomba ruhusa kiwandani. Mwenyekiti wa kijiji aliwasikiliza kwa mashaka, kama ambavyo mimi pia ningewasikiliza watu wazima wanaoomba kuingia shimoni na gari kisha kutoka. Lakini suala likapelekwa mbele ya halmashauri, na jibu likaja kwa masharti. Waje wakati wa kiangazi tu, kwa kuwa masika udongo ule hukatika na kuziba njia ya wakulima. Wapite njia moja, mwendo wa mtu atembeaye, kwa ajili ya kuku na watoto. Wasifike kabla ya saa nne, ibada na shughuli za asubuhi zitulie. Na kila wajapo wachangie mifuko miwili ya saruji kwa darasa linalojengwa. Watatu hao wakaona masharti hayo ni nafuu kuliko wavu.

Nilikwenda nao Jumapili ya kwanza. Shimo lile halina bahari wala upepo wa minazi, lakini lina kilima ambacho Bibi alikishindwa mara mbili na kukipanda mara ya tatu, na watu waliosimama ukingoni walishangilia kama kwenye mpira. Saa saba tulikula, mihogo yao na pilau yetu. Baada ya chakula watoto wa kijiji walijipanga mstari wenyewe, bila kuambiwa na mtu, wakisubiri zamu ya kupanda. Jirani yangu aliwapeleka wote, wanane kwa wanane, polepole, mpaka mafuta yakabaki ya kutufikisha nyumbani tu. Matairi yalikuwa yaleyale ya zamani. Mapya yatasubiri.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nawe una gari la aina hii, lako au la kushirikiana, nakupa machache niliyojifunza kwa aibu. Usitafute mahali pasipo na mtu. Tafuta mwenye mahali. Nenda kwanza bila gari, uulize kwa mwenyekiti wa kijiji au wa serikali ya mtaa, na ukikataliwa shukuru urudi. Ufukwe uache kwa wavuvi na kasa. Usiende na gari moja kama unaweza kupata la pili la kukuvuta. Chukua koleo, kamba nene, maji ya kunywa, kipimo cha upepo na pampu, kwani tairi ulilolipunguza upepo lazima lijazwe tena kabla ya kupanda lami, la sivyo litapata moto na kupasuka. Watoto washuke kila mahali usipopaamini. Na kabla ya kuondoka tembea kwa miguu pale ulipopita, ufukie mashimo uliyochimba.

Juma lililopita nilimsikia mke wa jirani yangu akimwuliza mumewe barazani kama ameshapeleka salamu Mkuranga kwamba Jumapili ijayo tutakuja. Akajibiwa kwamba bado. "Basi peleka leo," akasema, "ndipo niloweke mchele."